Mafundo Matatu kwenye Kamba ya Shanga

Edmonton, 11 Februari 2018

Shangazi Mena mpenzi,

Salamu hizi zikukute jiko lina moto na goti halilalamiki. Huku mimi mzima. Baridi imeshuka mpaka ishirini na tisa chini ya sifuri, gari limegoma mara mbili wiki hii, na mpangaji wa chini bado anapiga gitaa kana kwamba kuna mtu alimwomba. Mama kaniambia mapacha wamepata kazi kwenye mashua ya kaa, wote wawili, na kwamba wewe umegombana na padri kuhusu baridi ya kanisani. Nipo upande wako hata kabla sijasikia kisa.

Sasa kaa chini. Umekaa? Trudy Coady kanipigia simu. Kiti cha tatu kiko wazi kwenye mashua ya wanawake, mashindano ya makasia ya Agosti, kwenye bwawa letu la Merrigan's Cove, na ananitaka MIMI. Mimi, niliyekuwa nakaa benchi shuleni nikishika makoti ya wenzangu kwa sababu ninyi nyote mliapa kwamba nikikimbia nitavunjika! Nimelia kwenye maegesho ya magari. Halafu nikaenda moja kwa moja kulipia jimu yenye mashine ya makasia, na tangu siku hiyo mikono yangu ina malengelenge manne. Nayapenda yote manne.

Kuna jambo moja dogo. Hapa kuna kliniki ya watu wazima waliotibiwa saratani utotoni. Daktari wake, Dkt. Sandhu, anataka kujua nilipewa mara ngapi ile dawa nyekundu, kwa sababu inasemekana huwa inarudi kuusumbua moyo miaka mingi baadaye. Nimeiandikia hospitali, faili langu la karatasi liliteketezwa zamani, sheria inawaruhusu. Lakini mimi nina faili langu mwenyewe! Unakumbuka kamba ya shanga aliyonitungia nesi Marg wodini? Njano kwa kila sindano, nyeupe kwa kila siku ya homa, nyekundu kila nilipotundikiwa ile dawa iliyonifanya nikojoe rangi ya juisi ya stroberi. Unayo wewe. Nihesabie nyekundu, basi.

Na ombi la pili, hili ndilo tamu. Nitafutie anwani ya Fonse Tobin, yule wa wodini. Atakuwa na miaka thelathini au thelathini na moja sasa, huko Ontario walikohamia. Nataka awe ukingoni mwa bwawa siku hiyo. Nani mwingine alinifundisha kupiga makasia kwenye kiti cha magurudumu?

Wako mwenye malengelenge,
Carmel


Merrigan's Cove, 3 Machi 2018

Carmel mwanangu,

Barua yako imefika baada ya siku kumi na nne, kwa kuwa feri ilikaa ndani siku sita kwa upepo na Gladys wa posta alikaa ndani siku mbili kwa uvivu. Mimi mzima. Mama yako mzima, ila kapaka jikoni rangi ya kijani ambayo hata ng'ombe hawezi kuila. Padri kanunua hita. Ni ndogo, lakini kanunua, na Jumapili nilikaa mbele yake makusudi ili kila mtu aone nani ameshinda.

Kiti cha tatu! Wewe mtoto, unajua nini kuhusu kiti cha tatu? Mimi nilikaa hapo mwaka 1971 na 1972, na mwaka 1973 tulishinda, ingawa Trudy atakwambia ilikuwa 1974 kwa sababu mama yake alikuwa kwenye mashua ya pili na hajawahi kukubali. Mgongo unyooshe hivi, mikono ifuate miguu, usivute kwa mabega kama mtu anayechota maji kisimani. Na usile kabla. Nimefurahi mpaka nimemwambia mbwa. Nimemwambia na Gladys, kwa hiyo sasa kisiwa kizima kinajua.

Kuhusu hizo shanga, nyumba hii ina makopo mengi. Nitatafuta nikipata nafasi. Sasa hivi nina soksi jozi tisa za kulifumia kanisa na goti haliniruhusu kupanda kiti.

Barafu imeanza kuondoka mdomoni mwa ghuba.

Shangazi yako,
Philomena


Edmonton, 19 Machi 2018

Shangazi mpenzi,

Nimecheka hadi mpangaji wa chini akaacha gitaa. Huku habari ni njema: theluji inayeyuka, gari limesamehe, na jana nimevuta mita elfu mbili kwenye mashine bila kusimama. Mita elfu mbili! Nilitamani kuwapigia simu walimu wangu wote wa michezo.

Shangazi, usinipige chenga. Kopo ni lile la biskuti lenye picha ya malkia, juu ya kabati la chumba chako, nyuma ya kofia. Nililiona Krismasi iliyopita.

Nikueleze kwa nini ninakusumbua. Dkt. Sandhu kanichorea moyo kwenye karatasi. Anasema dawa nyekundu ilifanya kazi yake, ndiyo maana niko hapa nikikuandikia. Lakini inachubua msuli wa moyo kidogo kidogo, na mtoto haoni kitu. Miaka ishirini baadaye, mtu akibeba mimba au akianza michezo mizito, moyo ndipo unapochoka. Si kwa wote. Inategemea sana ulipewa kiasi gani. Kwa vipimo vya enzi zile, anasema dozi tano au sita niko chini ya mstari: napimwa kwa utaratibu, kila miaka mitano, na napiga makasia yangu. Saba kwenda juu, nimevuka mstari, na hataki nishike kasia kabla hajauona moyo wangu. Foleni ya kipimo chenyewe ni ndefu, wale wa juu ya mstari ndio wanaotangulizwa. Kwa hiyo unaona, nakuomba namba moja tu.

Na hukunijibu kuhusu Fonse. Umesahau? Mimi nakumbuka kila kitu. Viti vya magurudumu vinne kwenye korido, magongo ya kutembelea ndiyo makasia, na yeye mbele akiwa ameshika mti wa dripu kama usukani. Kabati la mashuka ndilo lilikuwa boya la kuzungukia. Tukichoka anapiga kelele, "Kumi tu! Nipeni kumi tu!" Tukipiga kumi anaomba kumi nyingine, mwongo yule. Hata nilipokuwa natapika ananiambia kupitia pazia, "Kumi tu, Carmel." Mtu kama huyo anapoteaje?

Nasubiri namba.

Carmel


Merrigan's Cove, 8 Aprili 2018

Carmel,

Sote wazima. Mvua.

Nimelishusha kopo. Nimehesabu shanga zilizo kwenye kamba mara mbili. Nyekundu ni tano.

Shangazi Mena


Edmonton, 20 Aprili 2018

SHANGAZI!

Tano! Tano, tano, tano! Nimeruka sebuleni mpaka picha imeanguka ukutani. Salamu zote, mimi mzima, ninyi nyote natumaini wazima, tuendelee: TANO!

Nimempelekea Dkt. Sandhu namba siku ile ile. Kaiandika kwenye faili jipya, kanipa tarehe ya kipimo cha kawaida huko mbele, kasema nenda ukapige makasia yako na ukiona lolote nirudie. Nimekata tiketi ya ndege. Natua tarehe 27 Julai. Trudy kanitumia ratiba ya mazoezi ambayo hata jeshi lingelalamika, na mimi naifuata kama sala. Ngazi za ofisini ghorofa ya nne nazipanda kwa miguu. Juu nafika nikihema kama mbwa wako, lakini Trudy anasema ndivyo mwili unavyojengwa.

Barua yako ilikuwa fupi, Shangazi. Umeumwa? Umegombana tena na padri? Niambie na mimi nimchukie.

Bado hujasema kuhusu Fonse. Nimetafuta mtandaoni, Alphonsus Tobin wako wengi kuliko samaki, na hakuna mwenye meno yake.

Wako wa kiti cha tatu,
Carmel


Merrigan's Cove, 7 Mei 2018

Carmel mwanangu,

Siumwi. Mapacha wamerudi salama na kaa wa kutosha kulisha parokia. Nakutumia kifurushi: soksi jozi mbili, jamu ya beri za kinamasi chupa moja (nimeizungushia magazeti, ikivunjika usinilaumu), na kamba yenyewe ya shanga. Ni yako. Sina sababu ya kukaa nayo.

Umeandika kwamba unahema ngazini. Sikulala vizuri tangu nisome hilo.

Itazame kamba vizuri ukiwa umetulia, kwenye mwanga. Babu yako alikufundisha kutazama wavu kabla hujajua kusoma. Wewe ni wa ukoo wa Dalton.

Shangazi Mena


Edmonton, 22 Mei 2018

Shangazi,

Natumaini wewe na Mama hamjambo. Jamu imefika nzima.

Nimeitandaza kamba kwenye meza ya jikoni. Nimecheka kwanza, maana kuna ushanga wa kijani wa siku niliyomng'ata yule daktari wa meno. Halafu nikaanza kuipitisha vidoleni kama babu alivyokuwa akipitisha wavu, na nikakuta fundo. Mbele kidogo, fundo jingine. Kisha la tatu. Uzi mwekundu, mafundo ya Dalton, yamekazwa kwa mate.

Babu alikuwa anafunga fundo jekundu mahali jicho la wavu limekatika na hana muda wa kulishona. Maana yake: hapa pana kitu kimekosekana, usidanganyike ukadhani wavu ni mzima. Aliniambia mtu anayeacha tundu bila fundo ni mwizi wa samaki wa wenzake.

Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima zote, na nimekasirika, Shangazi, siwezi kuficha. Ni tano au ni nane?

Nimeacha mazoezi. Kesho nampigia Dkt. Sandhu, kwa sababu kama ni nane nimekuwa nikiuburuta moyo wangu ghorofa nne kila asubuhi huku nikijipongeza. Ulisema "shanga zilizo kwenye kamba". Nimeirudia barua ile sasa naona ulivyolichagua neno. Wewe uliyenifundisha kwamba kukaa kimya ni uongo uliovaa nguo za Jumapili!

Sitaki habari za padri. Nataka jibu.

Carmel


Merrigan's Cove, 30 Mei 2018

Carmel mwanangu,

Ni nane. Naliweka hilo juu kabisa ulipate kabla hujakaa. Ni nane, mwambie daktari leo. Barua hii nampa rubani wa helikopta ya minara ya taa za bahari aitie posta ya mjini, simwachii Gladys. Ningepiga simu, nimeinua mkono wa simu mara tatu, lakini simu mimi naweza kutangazia hali ya hewa tu. Kulia kwenye simu sijui.

Nilizikata mimi. Hukuzitoa wewe, hukuzipoteza. Nilizikata kwa mkasi wa nesi Marg tarehe 16 Februari 1997, wewe ukiwa umelala na homa chumba cha peke yako na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukukaribia.

Fonse hakwenda Ontario.

Unakumbuka alivyokuwa akizionea wivu nyekundu zako? Ugonjwa wake ulikuwa mwingine, dawa yake haikuwa nyekundu, kamba yake yote ilikuwa njano na nyeupe kama mayai. Siku ile aliniita. Mama yake, Monica, alikuwa amekaa upande wa dirisha. Sauti ilikuwa imebaki kidogo lakini ubishi ulikuwa wote. Akasema, "Shangazi wa Carmel, niazime nyekundu. Mshika usukani asiye na nyekundu, nani atamsikiliza?" Nikamuuliza ngapi. Akasema tatu, nitazirudisha baada ya mashindano. Nikaenda nikazikata. Nikamtia kiganjani, akafunga ngumi. Asubuhi yake alikuwa amekwenda, na ngumi ilikuwa bado imefungwa.

Ulipozinduka uliniuliza yuko wapi. Ulikuwa na kilo kumi na tisa, mwanangu. Daktari alikuwa ameniambia usiku ule ukipita bado kuna usiku mwingine. Mimi nikasema wamehamia Ontario. Likatoka tu, sijui lilitoka wapi, sina ndugu hata mmoja Ontario. Ukasema "mwongo yule, hata hakuaga," ukageukia ukutani, ukala uji. Ulikula uji kwa mara ya kwanza baada ya siku tano. Nani angekurudisha nyuma kwa ukweli? Baadaye ulipopona nikasema nitamwambia akifika miaka kumi. Kisha kumi na tano. Kisha ukawa na maisha yako, na kila mwaka uongo ulizidi kuwa mzito kuunyanyua.

Uliponiomba namba, niliona nikisema nane utauliza tatu ziko wapi. Kwa hiyo nikasema tano. Niliuweka moyo wako rehani ili nisiseme neno moja. Halafu ukaandika kwamba unahema. Nimetuma kamba kwa sababu mkono ulikataa kuandika, lakini ulijua kufunga mafundo miaka ishirini iliyopita, na nilijua wewe utayasoma.

Nikasirikie kadiri unavyotaka. Lakini kapimwe kwanza.

Mena


Edmonton, 18 Juni 2018

Shangazi Mena,

Sikukuandikia mapema kwa sababu wiki ya kwanza nilikuwa namlilia mvulana wa miaka tisa, na wiki ya pili nilikuwa nakuchukia wewe kwa zamu, asubuhi ndiyo, jioni hapana. Fonse nilimchukia miaka ishirini na moja kwa kutoaga. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi, bora ujue. Nikimaliza kusema hivyo sina kingine cha kukulaumu. Ningekuwa mimi, na mtoto wa kilo kumi na tisa, labda ningesema wamehamia Uchina.

Sasa kaa chini tena, maana nina habari!

Namba nane ilinipandisha foleni. Wamenipima tarehe 12. Unalala ubavu, wanakupaka mafuta baridi, na ile mashine ya mawimbi ya sauti wanayowapimia wajawazito inauonyesha moyo wako kwenye kioo. Shangazi, nimeuona! Unafunguka na kufumba kama mdomo wa chewa. Moyo wa mtu mwenye afya husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyo ndani yake, hamsini na tano katika mia au zaidi. Wangu unasukuma arobaini na saba. Nilipoona uso wa Dkt. Sandhu nikajua siyo nzuri. Lakini akasogeza kiti akasema hivi, nimeyaandika: "Wengi wananijia wakiwa hawawezi tena kupanda ngazi. Wewe umenijia ukiwa unafanya mazoezi ya mashindano. Tumeukamata mapema, na ukikamatwa mapema mara nyingi hutulia, pengine hata hupanda." Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, pengine maisha yote. Kutembea, ndiyo. Makasia mepesi, ndiyo, nikiwa na saa ya kuhesabu mapigo. Kuvuta mashindanoni kwa nguvu zote, hapana. Mwaka huu hapana, na mwakani tutaona.

Nikamuuliza, nikiwa bado nina mafuta kifuani, "Na kukaa nyuma ya mashua, nikashika usukani na kupiga kelele?"

Akacheka. Akasema kwa kelele hajawahi kumzuia mtu.

Nikampigia Trudy nikiwa kwenye maegesho yale yale. Nilidhani atanitukana. Kasema, "Mwanamke wewe una kilo arobaini na tisa. Unajua nimekuwa nikiwaomba miaka sita wanitafutie mshika usukani mwepesi? Mimi nina kilo themanini na mbili, nikiwa usukanini nimekuwa nikiiburuta mashua hii kama nanga. Kiti cha tatu navuta mimi!" Dawa ilininyima urefu na uzito, Shangazi, na leo ndiyo imenipa kiti!

Najua ni kiti cha nani. Sihitaji uniambie.

Carmel


Merrigan's Cove, 2 Julai 2018

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma posta, nimesimama, mbele ya Gladys, na nimelia mbele ya Gladys, basi ujue nimefika wapi. Sote wazima. Kapelini, wale samaki wadogo, wamejitupa ufukoni wiki nzima, watu wanawazoa kwa ndoo, na mbwa amekula mpaka akalala kwenye maji.

Sikiliza sasa, msukani. Kwenye boya usingoje pua ya mashua ilifikie ndipo ukate kona. Anza kukata ukiwa urefu wa mashua moja kabla, na mwambie wa kushoto ashike maji, kasia ndani bila kuvuta. Upepo wa bwawa letu hutokea upande wa makaburi. Usimsikilize Trudy akiwa kwenye kasia. Akizoea kuamuru hawezi kuacha. Na usiseme "jitahidini". Hakuna aliyewahi kuvuta kwa sababu ya neno "jitahidini".

Una vidonge vya kutosha mpaka Agosti? Dawa za huku zinapitia feri.

Nimemwandikia Monica Tobin. Nimempata kupitia masista wa hospitali. Anaishi na dada yake, na hajawahi kukanyaga Ontario. Nimemwambia habari zako zote. Nimemwambia na uongo wangu. Sijui kama atajibu.

Mena


Mezani, chini ya birika, 1 Agosti, saa kumi na moja asubuhi

Shangazi,

Umelala ukikoroma na sikutaka kukuamsha. Kamati imekwishakwenda bwawani kulamba vidole na kuuonja upepo. Redio inasema watatangaza saa kumi na mbili kama mashindano yapo au hayapo. Kisiwa kizima kiko macho! Nimekunywa chai, sijala, kama ulivyosema. Kidonge nimemeza. Nimevaa kamba ya shanga ndani ya fulana na mafundo yananikwaruza.

Njoo na kiti chako. Kaa upande wa boya, siyo upande wa kumalizia. Nataka unisikie.

Saa yangu inasema mapigo tisini na sita na bado sijafika hata mlangoni.

C.


Merrigan's Cove, 5 Agosti 2018

Carmel mwanangu,

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, unakoweka miwani, kwa hiyo naamini unaisoma ukiwa hewani na huwezi kurudi kubishana.

Nikwambie nilichokiona, maana wewe ulikuwa ukitazama makasia. Nilikaa penye boya kama ulivyoniagiza. Mashua ya mji jirani ilikuwa mbele yenu kwa urefu mzima, na upepo, kama nilivyosema, ulitoka makaburini. Ulikata mapema. Nilisimama nikasema, amekata mapema mno, atagonga boya! Hukugonga. Mlizunguka kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, wenzenu wakapitiliza, na nilipokuona tena mlikuwa sawa kwa sawa. Trudy alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Ndipo nikakusikia. "Kumi tu! Nipeni kumi tu!" Wakakupa kumi. Ukaomba nyingine, mwongo wewe. Sikuona mwisho wa mashindano kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye majani na aproni imenifunika uso, na mama yako akanipigia kelele sikioni kwamba mmekuwa wa pili kwa urefu wa nusu mashua. Wa pili! Mwaka huu wa pili. Mimi 1971 tulikuwa wa tano.

Jibu la Monica lilifika juzi, Gladys akalileta mwenyewe kwa miguu. Wewe ulikuwa umekwenda kuagana na Trudy. Monica anasema ile ngumi aliifungua yeye, asubuhi ile, taratibu. Mbili alizirudisha kiganjani na Fonse akaenda nazo. Moja alishindwa kuiachia. Imekaa miaka ishirini na moja kwenye kisanduku cha cherehani, na sasa kaitia ndani ya bahasha. Anasema kijana wake aliahidi kuzirudisha baada ya mashindano, na yeye hataki mwanawe aitwe mdanganyifu.

Kwa hiyo jana ulipokuwa unafunga mizigo niliichukua kamba yako kwenye kiti. Fundo moja nimelifungua. Limenichukua nusu saa, nilikuwa nimelikaza kweli. Gusa, ni la katikati.

Mawili nimeyaacha. Hayo ni yake.

Kidonge cha jioni ni saa moja, kwa saa ya huko, siyo ya huku.

Shangazi yako,
Mena